Kuta za Wachina Kwenye Maji ya Homa Bay

Vijana wa karakana ya chuo, siku ya kuniaga mliniomba niseme neno, nami nikasema machache tu kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa na mkuu wa chuo alikuwa bado hajazungumza. Haya ndiyo niliyoyabakiza. Habari za vyeo vyangu nimeziruka. Ziko kwenye faili ofisini, kama mchwa hawajazimaliza. Ninachotaka mjue ni jinsi mashua zenye kuta ndani zilivyoanza kujengwa katika karakana yetu, maana nimemsikia mmoja wenu akimwambia mgeni kwamba zililetwa na wafadhili. Hazikuletwa na wafadhili. Zilitoka Uchina, na zilichukua zaidi ya miaka mia tano kufika Homa Bay.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa seremala wa Rongo, mtoto wa watu wa miwa. Nilijua milango, vitanda na majeneza. Ziwa nilikuwa nimeliona kwa mbali tu. Asubuhi ya kwanza nilimkuta Fundi Magero, mkubwa wa karakana, ameinamia mkuku wa mashua, yaani ule ubao mnene wa chini unaobeba mashua nzima kama uti wa mgongo. Hakuinua kichwa.

"Wewe ndiye seremala ya Rongo?"

"Ndiyo, Fundi."

"Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Basi ni vizuri. Utajenga kwa makini."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Akanipa tezo, lile shoka dogo la kuchongea mbao, nami kabla ya saa ya chai nilikuwa nimeshakata ncha ya kiatu changu cha kulia, kidole kikapona kwa bahati. Fundi Magero alikitazama kiatu, akasema kiatu kimejifunza, sasa zamu yangu.

Kwa seremala wa milango, mashua ni adhabu. Mlango una pembe nne na kila pembe inajulikana. Mashua haina pembe hata moja. Kila ubao unapinda, na kila ubao unapinda kivyake. Ilinichukua muda kuacha kutafuta mraba mahali ambapo hakuna mraba. Fundi Magero hakufundisha kwa maneno mengi. Alikuwa mtu wa Rusinga, mrefu, Msabato wa kweli kweli. Jumamosi hukumwona, na Jumapili, sisi wengine tukitaka kwenda kanisani, yeye alikuwa amekwisha kunoa msumeno. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya ubao wangu, akifika penye kosa anagonga mara moja kwa kifundo cha kidole, halafu anaondoka. Kosa lenyewe ulitafute mwenyewe.

Kazi yetu kubwa siku hizo ilikuwa kutengeneza mashua zilizotoboka. Mwamba, kiboko, kisiki, gati lililovunjika: kila wiki ililetwa moja. Nyingine hazikuletwa, maana zilikuwa chini ya maji. Mashua zetu zilikuwa wazi kutoka mbele mpaka nyuma, kama sufuria. Maji yakiingia mahali pamoja, yameingia kote.

Mwaka wangu wa pili karakanani, mashua mojawapo ya hizo ilikuwa ya mdogo wake Fundi Magero. Fundi aliijenga mwenyewe, mbao za mvule, kazi safi. Mdogo wake alikuwa anatoka Mbita na mizigo, mchana kweupe, akagonga mwamba. Watu waliokuwa ufukweni waliona. Walisema mashua haikuvunjika; ilitoboka tu, tundu ambalo ungeliziba kwa koti, lakini koti halikufika kwa wakati. Mashua ilijaa, ikalala ubavu, mizigo ikamwangukia. Mdogo wake hakutoka.

Baada ya mazishi Fundi Magero alirudi kazini, akatuagiza tuitoe ile mashua majini na kuileta karakanani. Alikaa ubavuni mwake siku nzima akilitazama lile tundu. Mimi nilikuwa naranda mbao karibu naye. Jioni akaniambia, "Opiyo, hakuna kosa hapa. Nimetafuta. Mbao ni mzuri, misumari ni mzuri. Sasa mimi nitarekebisha nini?" Tukafunga milango tukaenda nyumbani.

Basi katikati ya miaka hiyo ya tisini likaja basi la shule kutoka upande wa Migori, likipitia Rodi Kopany, limejaa wasichana wa sekondari na vumbi. Mwalimu wao wa historia aliitwa Mwalimu Robi, mwanamke wa Kikuria, mfupi, mwenye sauti ya kufika mwisho wa darasa. Walikuja kuona ziwa, na kwa kuwa mvua ilinyesha, wakaja kujikinga kwetu. Fundi Magero hakupenda wageni karibu na zana, lakini hakuwa mtu wa kumfukuza mtu mvuani.

Msichana mmoja akauliza, "Na mashua ikitoboka, mnafanyaje?"

"Unakumba maji na mkebe," Fundi akamjibu, "na unaomba Mungu."

Mwalimu Robi akacheka. "Wachina wa zamani nao waliomba, Fundi, lakini kwanza walijenga kuta."

"Kuta gani?"

Mwalimu akaanza kueleza. Zamani, kabla Mreno hajafika pwani yetu, Wachina walikuwa na merikebu kubwa za matanga. Urefu wake wataalamu wanabishana mpaka leo, alisema, lakini hata ukichukua hesabu ya chini bado ni merikebu za kutisha. Zilikuwa na milingoti mingi, matanga yaliyokazwa kwa fito za mianzi, na usukani mkubwa wa nyuma uliopandishwa na kushushwa kwa kamba. Zilikuja kwa makundi mpaka Malindi. Mfalme wa Malindi akawapa twiga, nao wakampeleka kwa mfalme wao.

"Twiga?" Fundi Magero akaweka chini randa. "Twiga mzima? Alisimama wapi?"

"Hilo vitabu havisemi, Fundi."

"Wangesema. Hiyo ndiyo maneno ya maana."

Wasichana wakacheka, naye Mwalimu akaendelea. Ndani, merikebu hizo ziligawanywa kwa kuta za mbao, kuanzia ubavu huu hadi ule, zikawa vyumba vyumba, na kila chumba kimezibwa barabara. Merikebu ikigonga mwamba, maji yanajaza chumba kimoja tu. Vingine vinabaki vikavu, na merikebu inaendelea kuelea.

Mvua ilipiga mabati. Fundi Magero alikuwa amesimama mkono ukiwa kiunoni, na nilijua anaona nini, kwa sababu nami nilikuwa naiona: mashua ya mdogo wake.

"Hizo meli ziko wapi sasa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wafalme waliofuata walikataza safari. Ziliachwa zikaoza. Lakini kuta hazikupotea, Fundi. Meli kubwa zote za leo, za chuma, zimegawanywa hivyo."

"Ziliachwa zikaoza," Fundi akarudia, kama mtu aliyepashwa habari za msiba. Kisha akageuka kwangu. "Opiyo, leta karai ya maji na ile mkebe wa rangi."

Mbele ya wasichana wale alikata mkebe kwa urefu, akapata mtumbwi wa bati. Akautoboa kwa msumari, akauweka kwenye karai. Ukazama. Akakata mwingine, akaugawa ndani kwa kuta za vipande vya bati zilizozibwa kwa sabuni ya kipande, akautoboa mbele. Ukainamisha pua, ukatikisika, ukabaki juu. Wasichana wakapiga makofi. Fundi Magero hakupiga makofi. Aliutazama ule mkebe mpaka mvua ikakatika, halafu akamshika Mwalimu Robi mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Ero kamano, japuonj," yaani asante, mwalimu.

Mkebe ni jambo moja na mashua ni lingine. Nafasi ya kujaribu ilikuja zahanati moja ya ng'ambo ya ghuba, chini ya milima ya Homa, ilipotaka mashua ya kuleta wagonjwa hospitalini mjini. Barabara ya huko wakati wa mvua ilikuwa tope tupu. Nesi wa zahanati, Sista Atieno, alikuja mwenyewe karakanani. Fundi akamweleza kuhusu kuta. Sista akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mgonjwa wangu atalala wapi?" Tukampimia chumba cha katikati kwa chaki sakafuni, akalala humo yeye mwenyewe, na sare yake nyeupe, akanyoosha miguu. "Sawa," akasema. "Jengeni."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi, vijana. Kukata ukuta wa kuingia ndani ya mashua ni rahisi kusema. Ubavu wa mashua unapinda, na ukuta lazima ufuate kila pindo, usiache hata nafasi ya kupita unyoya. Nilikata ukuta wa kwanza, ukakataa. Nikakata wa pili, ukakataa. Wa tatu ulikubali, lakini tulipomimina maji chumba cha mbele, yalitokeza chumba cha pili polepole kama jasho. Lami tuliyozibia viungo ilipasuka kila jua lilipowaka. Fundi akaniambia nipande gari niende Migori nikamuulize Mwalimu Robi Wachina walitumia dawa gani.

Nilimkuta shuleni, akanikalisha kwenye chumba cha walimu, akanipa chai. Akaniambia walichanganya chokaa na mafuta ya mbegu za mti mmoja wa kwao, wakatia nyuzi zilizopondwapondwa. Mti huo hatukuwa nao. Chokaa ipo kwetu, na nyuzi za katani ziko kila soko. Mafuta tukayakisia. Kwanza tulitumia mafuta ya pamba, tukapata kitu kama uji wa mtoto. Baada ya wiki bado kilikuwa uji wa mtoto, na siafu walikipenda. Kisha Fundi akakumbuka mafuta ya kitani, yale wapaka rangi wanayochanganyia rangi, yanayokauka yenyewe. Tukaponda chokaa, tukakanda kama ugali mgumu, tukatia katani, tukashindilia kwenye viungo kwa patasi butu. Tukasubiri. Siku Fundi alipogonga kile kiungo kwa kifundo cha kidole kikalia kama jiwe, alinitazama akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka tangu mazishi.

Nahodha aliyeajiriwa kuiendesha aliitwa Odoyo. Aliizunguka mashua, akachungulia ndani, akatema mate pembeni.

"Omera, ndugu yangu, hii si mashua. Hii ni kabati."

"Ni mashua," nikasema.

"Mimi nimezaliwa kwa maji. Ukiweka ukuta, maji ikiingia itaenda wapi? Lazima mashua iinuke upande moja ipinduke. Mimi siingii."

Watu wakakusanyika ufukweni, maana Odoyo alikuwa na sauti. Fundi Magero hakubishana. Aliamuru mashua isukumwe majini, akapanda, akaketi chumba cha katikati kana kwamba yuko kanisani. Halafu akaniambia nichukue keekee, ile drili ya kuzungusha kwa mkono, nitoboe chumba cha mbele.

"Fundi, imekamilika juzi," nikasema.

"Toboa."

Nikatoboa. Mnakumbuka sijui kuogelea. Kila keekee ilipozunguka nilihisi inanitoboa mimi. Maji yakaruka juu kama bomba. Mama mmoja ufukweni akapiga kelele, "Mutoeni huyo mzee!" Chumba cha mbele kikajaa mpaka juu. Mashua ikainamisha pua kidogo, ikatulia. Fundi Magero akatoa chungwa mfukoni, akalimenya, akala kipande kimoja kimoja, suruali yake ikiwa kavu. Alipomaliza akamtupia Odoyo maganda.

Odoyo akaingia majini, akaushika ukuta kwa ndani, akausukuma kwa bega. "Haya," akasema, "nitaiendesha. Lakini viatu navua."

Kuna jambo moja nataka mlifahamu. Kila ukuta chini kabisa una tundu dogo, ili mashua ikiwa nchi kavu maji ya mvua yatoke. Wachina nao walikuwa nayo. Matundu hayo lazima yazibwe kwa vizibo kabla ya kila safari. Usipoziba, umejenga sufuria upya. Nilimwimbia Odoyo hilo neno mpaka akaanza kunikwepa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini gugumaji likaifunika ghuba yetu. Asubuhi unaona maji, mchana unaona shamba. Nilikuwa nimekwenda zahanati kukagua viungo vya mashua, ikafika saa ya kurudi, na Sista Atieno akaja mbio. Alikuwa na msichana aitwaye Adhiambo, mimba ya kwanza, uchungu wa tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Tukamlaza katikati, Sista upande mmoja, mama mkwe wake upande mwingine. Mimi nikakaa nyuma karibu na Odoyo.

Tulikuwa tumefika katikati ya ghuba, Odoyo akifuata ukingo wa gugumaji, tuliposikia mlio. Mashua iliruka, ikasimama, ikashuka. Mwamba ulikuwa umefichwa na yale majani. Nikasikia ubao wa mbele ukipasuka, na sauti hiyo naijua kwa sababu nimeitengeneza maisha yangu yote. Maji yakamiminika ndani ya chumba cha mbele.

Mama mkwe akalia, "Nyasaye! Mungu wangu! Tumekufa!"

Mimi nikapiga kelele, "Odoyo! Vizibo!"

"Nimeziba!" akanijibu, akiwa amekunja uso kama mtu aliyetukanwa. "Niliziba zote kabla tutoke! Wewe kila siku vizibo, vizibo! Nyinyi wote sogeeni nyuma!"

Tukamvuta Adhiambo na godoro lake kuelekea nyuma. Pua ya mashua ikashuka mpaka maji yakalamba ukingo. Nikatambaa mpaka kwenye ukuta wa kwanza, nikaweka viganja vyangu kwenye viungo, mahali pale pale nilipokuwa nimekata mara tatu. Upande wa pili nilisikia maji yakigonga. Upande wangu palikuwa pakavu. Nilikaa hivyo, viganja ukutani, nikihofu kwamba nikiondoa mikono utaachia, ingawa nilijua mikono yangu haisaidii kitu.

Odoyo akapunguza injini. Tukaenda polepole, kichwa chini, mkia juu, kama bata anayekula. Adhiambo alikuwa anapiga mayowe, Sista Atieno anamwambia apumue, mama mkwe anaomba kwa Kijaluo bila kumeza mate. Nikaona paa za mji. Nikaona gati. Nikaona watu wakikimbia, kwa sababu aliyetazama kutoka nchi kavu aliona mashua iliyokwisha kuzama lakini haijazama.

Walimchukua Adhiambo kwa machela. Tulibaki pale gatini tumelowa. Baadaye mchana Sista Atieno alirudi kutoka hospitalini akitembea, kisha akaanza kukimbia, na kabla hajafika akapaza sauti: "Wa kiume! Mama na mtoto, wapo wote wawili! Wazima!"

Fundi Magero alikuwa ameitwa. Tulikuwa tumeivuta mashua mchangani, chumba cha mbele kikiwa bado kimejaa kwa kuwa mchanga ulikuwa umeuziba ufa. Alipanda ndani, akapita chumba cha katikati, akapiga magoti penye ukuta. Akapitisha kiganja juu ya viungo, taratibu, kama alivyokuwa akipitisha kwenye mbao zangu tangu siku ya kwanza. Hakugonga mahali popote.

"Ni kavu," akasema. Kisha akasema tena, kwa nguvu, watu wote wasikie, machozi yakimtoka bila haya: "Huku ni kavu!"

Odoyo akang'oa kizibo cha lile tundu nililotoboa kwa keekee. Maji yakatoka. Yakatoka na kutoka, na watu wakayaangalia yakirudi ziwani, ndipo wakaelewa ni maji kiasi gani tuliyoyabeba mpaka nyumbani. Wanawake wa soko la samaki wakapiga vigelegele. Odoyo akawa anamweleza kila mtu habari za kuta za Wachina kana kwamba alisafiri nao.

Tangu hapo hatukupumzika. Walikuja wa Mbita, wa Kendu, wa Karungu. Mwalimu Robi alileta wasichana wake tena, na mara hii walipanda mashua wakazunguka ghuba, Odoyo akiwa nahodha, viatu miguuni. Mwalimu alikuwa ameshika ukuta njia nzima, anatabasamu.

Nakumbuka zaidi mama mmoja mfanyabiashara kutoka Muhuru Bay, mwenye mashua zake za kubeba dagaa. Alifika karakanani na mwavuli, akapita moja kwa moja mpaka kwa Fundi Magero.

"Baba, nimesikia hapa kuna Mchina anajenga mashua haizami. Nataka kuongea na yeye mwenyewe, si nyinyi."

Fundi Magero akafuta jasho. "Umechelewa, mama. Huyo alipita zamani sana."

"Alienda wapi?"

"Malindi. Alikuwa na twiga."

Mama akamtazama, akanitazama mimi, akaona hatucheki. Akakunja mwavuli. "Basi nyinyi mtanijengea?"

"Tutakujengea," Fundi Magero akasema, akanirushia tezo. "Opiyo, anza mkuku."